Nusu ya Jiwe la Majaliwa

Mpitimbi, Songea
12 Juni 2023

Kwa Bi Saada Majaliwa,
Nalasi, Tunduru.

Shikamoo dada,

Hunijui, nami sikujui. Jina lako nimelisikia redioni tarehe kumi Mei, kwenye matangazo ya vifo: Mzee Majaliwa wa Nalasi amefariki, habari ziwafikie watoto wake Saada na Azizi, na ndugu na jamaa popote walipo. Poleni sana kwa msiba.

Siku hiyo mimi nilikuwa uani nachambua maharage, na mama yangu, Hilda, alikuwa jikoni anakoroga uji. Aliposikia lile tangazo aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaenda chumbani, akafungua sanduku lake la nguo na kutoa jiwe lililofungwa kwenye kipande cha kanga. Uji ukaungua. Akaniwekea lile jiwe mapajani, akasema, "Huyo waliyemtangaza ni baba yako."

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, dada, na ndiyo mara ya kwanza kuambiwa hivyo.

Mama anasema zamani Mzee Majaliwa alikuwa utingo wa lori la tumbaku huku kwetu. Mchana mmoja ilisikika ngurumo bila wingu, na jiwe likadondoka kutoka juu, kwenye mahindi ya babu. Yeye ndiye aliyelichimbua. Alipoondoka kurudi kwao alilipasua kwa nyundo ya lori. Nusu akamwachia mama, ambaye alikuwa na mimba yangu, nusu akaenda nayo. Akamwambia, "Mtoto akitaka kunijua, aje na hii. Nyingine nitakuwa nayo mimi."

Swali langu ni moja tu. Je, baba aliacha jiwe?

Ukipenda nitumie namba yako ya simu tuzungumze.

Ni mimi,
Adela Pankrasi


Nalasi
25 Juni 2023

Kwako Adela,

Marahaba. Mimi Saada ndiye kifungua mimba wa Mzee Majaliwa, nimezaliwa mwaka 1974, kwa hiyo shikamoo yako imefika panapostahili. Pole zako pia nimezipokea.

Mengine sijayapokea. Mimi nimekulia Tunduru, mwanangu, wilaya ya vito. Huku mtu anaingia chooni na yakuti mfukoni, anatoka na kipande cha chupa, na hajui nani kambadilishia. Watu wa mawe nawajua tangu wanavyobisha hodi. Kwanza wanatoa pole, halafu wanatoa jiwe, halafu wanauliza shamba limeishia wapi.

Baba hakuacha jiwe. Ameacha mikorosho, baiskeli, redio na msahafu wake. Na wewe unasema ni binti Majaliwa, mbona bahasha umeandika Pankrasi? Huyo Pankrasi naye alidondoka kutoka juu?

Namba ya simu sikupi. Maneno ya simu mtu huyakana. Ukiwa na la kusema andika, nami nitatunza karatasi.

Saada binti Majaliwa


Mpitimbi
9 Julai 2023

Shikamoo dada Saada,

Pankrasi alikuwa baba yake mama. Alikuwa katekista, na Majaliwa alikuwa Mwislamu ambaye hakutaka kubatizwa. Babu alimfukuza. Nilipozaliwa cheti cha ubatizo kilitaka jina la baba, na babu akaandika la kwake. Hilo ndilo nimesomea, nimeolewa nalo, na nimekuandikia nalo.

Jiwe nimelipeleka Songea mjini kwa Mzee Rupert Ngonyani. Huyu alifanya kazi ya jiolojia miaka mingi serikalini, sasa amestaafu, ana hadubini yake nyumbani na wanafunzi wa chuo humwendea. Alilishika, akalisogezea sumaku ikang'ang'ania, akaninyang'anya kiti akakaa yeye. Anasema ni kimondo kweli. Nje lina ngozi nyembamba nyeusi, iliungua wakati linashuka. Ndani, pale lilipopasuliwa, ni kijivu cheupe kama majivu ya jikoni.

Sitaki mkorosho hata mmoja, dada. Sitaki shamba wala baiskeli. Nimesikia Waislamu mnafanya hitma ya mwaka. Ningependa niwepo, nipaone alipolala, na mtu mmoja tu aseme mbele ya watu kwamba huyu naye ni wa Majaliwa.

Adela


Nalasi
20 Agosti 2023

Kwako Adela,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu tulikuwa tunapulizia salfa, na mikorosho haingoji barua za watu.

Umenena vizuri, tena kwa unyenyekevu. Hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Mwenye haki yake kwa kawaida huja na kelele.

Hitma unaitaja kama sherehe ya kipaimara. Ukoo wetu siku hiyo shehe huwataja watoto wa marehemu kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, ndipo dua isomwe. Mtu haingii kwenye orodha hiyo kwa barua ya kupewa konda wa basi. Nikikuruhusu wewe leo, kesho atakuja mwingine na kokoto kutoka Mbinga.

Na huyo Mzee Rupert, hasali kanisa lenu? Nilijua. Halafu angalia mwenyewe ulivyojikanyaga. Unasema jiwe lako ndani ni jeupe kama majivu. La baba ni jeusi tii mpaka ndani. Kitu kimoja hakiwezi kuwa cheupe kwako na cheusi kwangu. Hapo tu nimekukamata.

Saada binti Majaliwa


Mpitimbi
28 Agosti 2023

Shikamoo dada Saada,

Mwezi wa sita uliniandikia baba hakuacha jiwe. Mwezi wa nane jiwe lipo na lina rangi. Karatasi zako na mimi natunza.

Sikuandikii haya kukusuta. Naomba tufanye hivi: mpelekee Mzee Rupert nusu yako wewe mwenyewe, kwa basi, bila kupitia mkononi mwangu. Majibu akuandikie wewe, mimi anipe nakala. Nimemwomba, amekubali. Kuhusu kanisa, ni kweli tunasali parokia moja, lakini yeye huja Pasaka na Krismasi tu, na padri mwenyewe anamlalamikia.

Akisema ni mawe mawili tofauti, hutanisikia tena.

Adela


Nalasi
10 Septemba 2023

Kwako Adela,

Marahaba. Lipo jiwe la jikoni ambalo marehemu mama yangu alikuwa anabangulia korosho. Baba alilileta yeye. Kama ndilo, ndilo.

Nimelituma leo kwa basi la Songea, limefungwa kwenye mfuko wa salfa na kushonwa kwa uzi mwekundu. Nikikuta uzi umebadilishwa nitajua.

Umesema sitakusikia tena. Hilo nalo nimeliweka pamoja na karatasi zangu.

Saada binti Majaliwa


Songea mjini
2 Oktoba 2023

Kwa Bi Saada Majaliwa, Nalasi.
Nakala kwa Bi Adela Pankrasi, Mpitimbi.

Mama Saada, salaam,

Mzigo wako ulifika na uzi wake mwekundu. Nilimwita jirani ashuhudie nikiukata.

Jiwe la Adela ni kimondo cha mawe, si cha chuma kitupu kama kile maarufu cha Mbozi. Kitaalamu huitwa kondraiti. Ukikisugua na kukitazama kwa hadubini unaona vijiduara vidogo kama punje za ulezi vimetapakaa ndani yake. Vijiduara hivyo havipatikani katika jiwe lolote lililozaliwa hapa duniani, iwe Tunduru au kwingineko.

Ulichonitumia wewe hakina kijiduara hata kimoja. Kina mapovu ndani, kama mkate. Ni takataka ya tanuri la wafua chuma wa zamani. Kwa Kiswahili jina lake ni mavi ya chuma, uniwie radhi, sikulitunga mimi. Katika maisha yangu nimeletewa kitu hicho kikiitwa kimondo mara kumi na saba, na wewe ni wa kumi na nane.

Hivyo jibu ni fupi. Vitu hivi viwili havikuwahi kuwa kimoja.

Wako,
R. Ngonyani


Mpitimbi
11 Oktoba 2023

Shikamoo dada Saada, kwa mara ya mwisho,

Nakala nimeisoma. Nakuomba radhi kwa kukusumbua ukiwa kwenye msiba.

Nilimsomea mama. Sikumsomea vizuri, nilimsomea kwa hasira. Nikamwuliza: baba yangu ni nani, mama? Nani alikupa jiwe, au uliliokota njiani? Alikunja nguo zake mbili akaenda kwa kaka yake Madaba, na hakuniaga. Mjomba anasema anakula kidogo sana. Ana miaka sabini na minne. Nimemwita mwongo mama yangu ambaye hajawahi kunidanganya hata uzito wa kibaba cha unga, na sasa sijui nimemwonea au la. Hilo ndilo linanila.

Nitafanya nilivyoahidi. Hutanisikia tena.

Adela


Nalasi
30 Oktoba 2023

Kwa Mzee Rupert Ngonyani,

Assalaam alaykum, au vyovyote mnavyosalimiana huko.

Nilikupima. Yale mavi ya chuma niliyaokota nyuma ya shamba letu, na nilijua fika kwamba si jiwe la baba. Nilitaka kuona kama utasema vinafanana ili kumfurahisha mwenzako wa parokia. Ungesema vinafanana, ningekuja na barua yako mpaka sokoni Songea nikaisome kwa sauti. Hukusema. Kwa hilo nakuheshimu, ingawa hayo maneno ya mkate na mapovu ungeweza kuyaacha.

Sasa nakutumia lenyewe. Halina uzi mwekundu. Analileta Azizi, mdogo wangu, mkononi mwake, na nimemwambia asikae kwenye siti karibu na mtu yeyote.

Huyo Adela mpelekee barua hii aione. Mwambie amfuate mama yake Madaba leo hii, wala si kesho. Sikutaka bibi wa watu aache kula. Wallahi sikuliwaza hilo. Mimi nilikuwa nawaza mawe tu.

Lakini usije ukadhani nimekubali. Utaliona mwenyewe ni jeusi.

Saada binti Majaliwa


Songea mjini
4 Machi 2024

Kwa Bi Saada Majaliwa na Bi Adela Pankrasi, kila mmoja nakala yake, na zote mbili zinafanana.

Mabibi,

Barua ya Mama Saada nilimpelekea Adela siku ileile kwa pikipiki. Kuhusu jiwe, nisameheni kwa kuchukua miezi minne. Sehemu ya kazi ilibidi ifanyike Dar es Salaam, na rafiki yangu wa huko ni mtu wa kesho.

Azizi aliponikabidhi nusu ya Nalasi, sumaku ilirukia. Lakini Mama Saada hakudanganya kuhusu rangi. Weusi wake ni wa aina mbili. Wa nje ni mafuta ya maganda ya korosho, ya miaka hamsini. Niliyasugua siku mbili na vidole vikababuka. Nilitegemea chini yake nikute kijivu kama cha Adela. Nikakuta weusi mwingine, wa jiwe lenyewe. Nilikuwa tayari nimeshika kalamu kuwaandikia kwamba haya ni mawe mawili. Hapo nikajishuku mwenyewe. Nilikuwa nataka kumaliza upesi.

Nikayakata yote mawili kwa msumeno wa almasi. Katikati ya nusu nyeusi likatokea bonge jeupe, kijivu kilekile cha majivu. Na pembeni mwa nusu nyeupe likatokea tabaka jeusi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jiwe hili ni breksia, yaani jiwe lililotengenezwa kwa vipande vya mawe yaliyovunjika. Huko lilikotoka, mwamba mkubwa ulipondwa na miamba mingine tena na tena. Vipande vyake vikachanganyika na vumbi, vikashindiliwa mpaka vikashikana upya kuwa kitu kimoja. Fikirini kande. Chungu ni kimoja, lakini upawa wa huyu ukaja na maharage matupu na wa yule ukaja na mahindi matupu. Wakikaa mbalimbali, kila mmoja ataapa kwamba mwenzake amekula chakula kingine. Utingo wenu alipiga nyundo akatenganisha upande wenye mabonge meupe na upande wenye unga mweusi. Hakujua, na hakuna ambaye angejua.

Breksia zenyewe zina aina zake. Zipo zilizookota vipande vya koo tofauti kabisa. Hii siyo. Vipande vyake vyote, vyeupe na vyeusi, ni vya ukoo mmoja tunaouita H, ukoo wenye chuma kingi. Vinapotofautiana ni kwenye kupikwa. Vyeupe ni namba sita kwenye kipimo cha moto, vilipikwa mpaka vijiduara vyao vikafifia, ni hadubini tu inayoviona. Vyeusi ni namba nne, moto haukuvifikia sana na punje za ulezi bado zinaonekana. Rafiki yangu alipima chuma kilichomo ndani ya madini yaitwayo olivini, pande zote mbili, na kiwango ni kilekile, kumi na nane kwa mia. Upo pia mshipa mweusi wa unene wa uzi wa kushonea. Unakatiza nusu ya Adela mpaka mwisho wake, na kwenye nusu ya Saada upo, unaendelea. Kwa kadiri elimu yangu inavyofika, hili lilikuwa jiwe moja.

Mtauliza kwa nini sikuziunganisha tu zile nyuso mbili zilizopasuliwa, kama vigae vya sahani. Nilijaribu mwanzo kabisa. Hazikai.

Na hapa ningependa kunyamaza, lakini nimelipwa maisha yangu yote kuandika ninachokiona. Upande wa mviringo wa nusu nyeusi una mashimo ya kubangulia, ya zamani, yamejaa mafuta. Uso uliopasuliwa una mashimo mengine. Haya hayana mafuta. Chuma ndani yake kilikuwa kinang'aa jiwe lilipofika kwangu Novemba, na chuma cha kimondo kwa mvua zetu hushika kutu kwa msimu mmoja. Mtu amelipiga kwa nyundo, palepale pa kuungia, baada ya masika ya mwaka jana.

Jiwe halijui nani ni baba wa nani. Mimi pia sijui, na hadubini yangu haifiki huko. Nusu zote mbili zipo mezani kwangu, zikisubiri wenyewe.

R. Ngonyani


Mpitimbi
12 Machi 2024

Saada,

Mama nilimrudisha mwezi wa kumi na moja. Nilipiga magoti mbele ya mjomba na wake zake. Sasa anakula. Nimemsomea barua ya Mzee Rupert yote, mara hii polepole, na nilipofika kwenye kande alitabasamu. Nilipofika kwenye nyundo aliacha kutabasamu, akaniuliza swali ambalo nami nakuuliza.

Masika ya mwaka jana yaliisha Mei. Baba alifariki Mei. Barua yangu ya kwanza niliiandika Juni.

Nani alilipiga?

Adela


Nalasi
14 Aprili 2024

Kwako Adela,

Barua yako ya mwisho haina shikamoo. Niliisoma mara tatu nikiitafuta, hata nyuma ya karatasi. Halafu nikakaa mwezi mzima. Ramadhani yote nimefunga na barua hiyo kifuani. Shehe akisema tusameheane, naiona nyundo. Iddi imepita juzijuzi na pilau sikuionja utamu.

Nililipiga mimi.

Azizi hajui, usije ukamfikiria yeye. Baba alikuwa kitandani wiki tatu. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikambeba mgongoni kumpeleka uani. Siku mbili kabla hajakata roho aliniambia nilete lile jiwe la kubangulia. Nikadhani homa imempanda. Akanisihi nilioshe kwa sabuni, nikaliosha. Akaliweka kwenye mto karibu na shavu lake, akasema, "Usilibangulie tena. Nusu yake iko Songea. Atakayekuja nayo mpokee, Saada. Ni mkubwa wako."

Nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji. Adela, mimi nina miaka hamsini sasa. Miaka yote hiyo nimekuwa mkubwa. Nimewalea wadogo zangu, nimezika wawili, nimeacha shule ili Azizi asome, kwa sababu nilikuwa mkubwa. Ndicho kitu pekee nilichopewa na sikukiomba, nikakizoea, nikakipenda. Na mtu ananiambia siku mbili kabla ya kufa kwamba hata hicho si changu, tena anasema kwa upole, kama anaagiza maji.

Matanga yalipoisha nilichukua nyundo ya Azizi, nikaenda nyuma ya jiko, nikaupiga ule upande uliopasuliwa mpaka mkono ukafa ganzi. Nilitaka atakayekuja na nusu yake asipate pa kuiweka. Na nikaendelea kulibangulia korosho, makusudi, ili kumkomoa marehemu. Ikapita wiki chache, ikaja barua yako.

Kwa hiyo nilijua. Uliponiuliza kama baba aliacha jiwe, lilikuwa miguuni pangu. Yale ya vito, na watu wa mawe, na jina la Pankrasi, yalikuwa maneno tu. Sikuwahi kukushuku hata siku moja. Niliomba uwe tapeli. Nilipotuma mavi ya chuma nilimwambia Mzee Rupert nilikuwa nampima yeye, na nikasema hivyo mpaka mwenyewe nikaamini. Si kweli. Nilituma ili jibu liwe hapana. Mama Hilda akaacha kula kwa sababu yangu. Nikifa leo sijui nitajibu nini.

Lakini kuna dogo linaloniuma kuliko yote. Barua yangu ya kwanza kabisa nilikutajia mwaka niliozaliwa. Ulijua tangu siku ile kwamba umenizidi, na bado ukaniandikia shikamoo. Mara nne umeniamkia. Mara tatu nikakuitikia marahaba, nikijua, nikalamba bahasha nikaifunga.

Sasa nisikilize. Nimemwambia Azizi kila kitu. Akauliza utafikia chumba gani, kwa sababu paa la chumba cha uani linavuja. Anaezeka upya wiki hii. Hitma ni Jumamosi tarehe kumi na moja Mei. Mlete Mama Hilda. Mambo ya yeye na baba yana Mungu wake, mimi si hakimu, na kiti chake kitakuwa mbele pamoja na shangazi zetu. Pitieni kwa Mzee Rupert mchukue nusu zote mbili, na mwambieni naye aje, kuna korosho zake hapa, zimebanguliwa kwa jiwe la kawaida la mtoni.

Hazitakaa, najua. Nilihakikisha hazitakaa. Basi tutaziweka pamoja hivyohivyo, na pengo lake.

Juzi nilimpelekea shehe orodha ya majina. Matatu. Akasoma la kwanza, akaniuliza, "Adela ndiye nani?" Nikamwambia, ndiye mkubwa wetu.

Nimeianza barua hii vibaya, kama nilivyozianza zote, na karatasi imekwisha siwezi kuiandika tena. Chukulia kwamba neno hili liko juu kabisa, kabla ya mengine yote.

Shikamoo, dada.

Mdogo wako,
Saada